Mzizi, Mfereji na Kiini: Lugha ya Kumweleza Mgonjwa Tiba ya Ndani ya Jino

Miongoni mwa maandiko yanayoletwa mezani petu ili yasanifiwe, hakuna yanayonitia wasiwasi kama yale yanayokusudiwa kusomwa na mgonjwa. Kifungu cha sheria kikitafsiriwa vibaya, wapo mawakili na mahakimu wa kukijadili. Kitabu cha shule kikikosea, mwalimu yupo mbele ya darasa. Lakini karatasi anayopewa mgonjwa mlangoni pa kliniki huondoka naye kwenda nyumbani, na huko hana wa kumwuliza. Makala haya yanahusu karatasi ya namna hiyo: maelezo ya ukurasa mmoja juu ya yale yampasayo mgonjwa kuyajua kabla na baada ya kutibiwa ndani ya jino, tiba ambayo watu wengi wa mijini huitaja kwa jina lake la kigeni kwa kuwa jina la Kiswahili halijatulia.

Nianze na jina hilo. Rasimu niliyoletewa ilikuwa na kichwa cha maneno matatu: "Matibabu ya Mizizi". Kisarufi hakina kosa. Hata hivyo, -a unganifu ya Kiswahili hubeba mizigo mingi kwa wakati mmoja. Tukisema "matibabu ya macho", macho ndiyo yanayotibiwa. Tukisema "matibabu ya sindano", sindano ndiyo inayotibu. Sasa mizizi je? Katika nchi ambayo dawa za mizizi huuzwa kwa vifungu sokoni, msomaji hana sababu ya kuchagua maana ya kwanza akaiacha ya pili. Tarishi wetu alipokiona kichwa kile aliniuliza, kwa heshima zote, kama siku hizi hospitali nazo zimeanza kutoa dawa za miti shamba. Swali hilo lilitosha kukiondoa.

Ili kupata jina lifaalo hatuna budi kwanza kuelewa kinachotendeka. Jino lina taji, yaani sehemu inayoonekana kinywani, na mzizi, yaani sehemu iliyozama ndani ya mfupa wa taya. Nje ya taji kuna gamba gumu la enameli, na chini yake dentini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jino. Katikati kuna uwazi uliojaa nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Nyama hiyo tumependekeza iitwe kiini cha jino, kwa kufuata kiini cha yai na kiini cha mbegu. Kiini hukaa ndani ya taji kama ndani ya chumba kidogo, kisha hushuka katika kila mzizi kwa njia nyembamba hadi kwenye ncha, ambako huungana na mishipa ya taya. Meno ya mbele kwa kawaida yana njia moja; gego la chini aghalabu lina mizizi miwili na njia tatu; gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu na mara nyingi njia nne. Ndiyo sababu tiba ya gego huchukua muda mrefu kuliko ya jino la mbele, na mgonjwa akielezwa hivyo hataona ajabu kwamba jirani yake alimaliza kwa siku moja naye ameambiwa arudi.

Njia hiyo tuiiteje? Wengine wamependekeza "mrija", kwa mfano wa mirija ya uzazi. Mimi naona halifai, kwa sababu mrija ni kitu chenye kuta zake, kinachoweza kuchomolewa. Na kwa kweli wapo wagonjwa wanaodhani kwamba daktari huchomoa mzizi akaliacha jino likielea. Njia ya ndani ya mzizi haina kuta zake yenyewe. Ni uwazi uliomo ndani ya dentini, kama mfereji uliochimbwa katika ardhi, ambao huwezi kuutoa bali waweza kuuzibua, kuusafisha na kuuziba. Neno "mfereji" basi linaeleza vizuri zaidi, ingawa wapo Waswahili ambao mfereji kwao ni bomba la maji la nyumbani. Pendekezo letu kwa vitabu vya mafunzo ni "tiba ya mfereji wa mzizi wa jino". Kwa karatasi ya mgonjwa tumeandika kwa urefu zaidi: "kusafisha na kuziba ndani ya jino ili lising'olewe". Wenzangu kadhaa walilalamika kwamba hiyo si istilahi bali ni sentensi. Ni kweli. Lakini mgonjwa hakuja kujifunza istilahi. Amekuja kwa sababu hakulala usiku, na maneno "ili lising'olewe" ndiyo anayoyatafuta.

Neno la pili lenye matata ni "mdudu". Imani kwamba jino hutobolewa na mdudu ni ya kale mno na imepata kuwapo katika nchi nyingi. Iliandikwa huko Babeli kabla ya enzi ya Kristo, na huko Ufaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728 juu ya tiba ya meno, alieleza kwamba hakuwa amewaona wadudu hao. Mwaka 1890 W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi vijiumbe vya kinywani vinavyogeuza sukari na wanga kuwa asidi inayoyeyusha jino. Tatizo la Kiswahili ni kwamba tunasema "vijidudu" tukikusudia bakteria, na msikilizaji ambaye amekwisha kuamini mdudu husikia tu mdudu mdogo zaidi. Akiisha kusikia hivyo, huona ni jambo la akili kununua dawa ya kumwua mdudu, au kusukutua kwa kitu kikali, kuliko kumruhusu daktari achimbe. Tumeandika "bakteria", tukaongeza: "viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaogeuza mabaki ya chakula kuwa asidi". Maneno yanazidi, lakini hayamrudishi msomaji kwenye imani tuliyotaka kumtoa.

Na hapa sharti niseme jambo juu ya viuavijasumu, kwani ni pengo kubwa katika maelezo mengi niliyoyasoma. Wagonjwa wengi hupita duka la dawa kwanza. Kiini cha jino kikishakufa, damu haipiti tena ndani yake, na dawa inayomezwa husafirishwa kwa damu. Haiwezi kufika mahali pasipofikiwa na damu. Kwa hiyo vidonge huweza kupunguza uvimbe wa nje kwa siku kadhaa, kisha ugonjwa ukarudi, kwa kuwa chanzo chake kimebaki ndani ya jino. Sentensi hiyo moja juu ya damu niliiona ina thamani kuliko aya nzima ya makatazo.

Sasa tufike kwenye maumivu, mahali ambapo lugha yetu ni tajiri na watafsiri wetu ni wachoyo. Rasimu niliyoletewa ilitumia "maumivu" mara kumi na moja na haikuwa na neno jingine. Ilhali daktari wa meno hutambua hali ya kiini kwa kiasi kikubwa kutokana na namna jino linavyouma, na Kiswahili kina maneno ya kutenganisha namna hizo. Mtu aliyekula embe bichi au ndimu husema meno yameingia ukakasi. Hilo si ugonjwa wa kiini. Akinywa maji baridi jino likamchoma mara moja na kuacha pale baridi inapoondoka, yamkini kiini kimeudhika tu na kinaweza kupona jino likizibwa mapema. Lakini kama baridi au moto umekwisha kuondoka na jino bado linawanga dakika kadhaa, au linapwita usiku mtu akilala, au linauma lenyewe bila kuguswa, hiyo ni dalili kwamba kiini hakitapona. Na jino linalotoneshwa kila linapokutana na mwenzake katika kutafuna laonyesha kwamba ugonjwa umeshafika nje ya ncha ya mzizi. Kuwasha, kuchoma, kuwanga, kupwita, kutonesha: haya ni maneno ya kila siku, kila mama wa nyumbani anayajua. Tumeyaweka yote katika swali moja kabla ya tiba, ili mgonjwa aje nalo jibu mkononi.

Ipo hali moja inayopotosha wengi. Jino linaweza kuuma vibaya sana kwa wiki moja, kisha likanyamaza ghafla. Mgonjwa hushukuru na kuahirisha safari ya kliniki. Kumbe jino limenyamaza kwa sababu kiini kimekufa, na bakteria sasa wanaelekea kwenye taya. Baada ya muda huenda akaona kipele juu ya ufizi kinachotoa usaha na kufunga, kikitoa na kufunga. Watu hukiita "jipu la ufizi", na sikuona haja ya kubuni neno jingine.

Kabla ya tiba mgonjwa huuliza jambo moja kuliko yote: nitalazwa usingizi? Hapa Kiswahili kimetufanyia wema kwa kutenga maneno mawili. Nusukaputi ni dawa ya kumpotezea mtu fahamu, neno ambalo wengi hulihusisha na Kijerumani, na ambalo kwa hakika linatisha kama linavyosikika. Ganzi ni kutohisi kwa mahali pamoja tu. Tiba ya ndani ya jino kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Rasimu iliandika "dawa ya usingizi" kwa maana ya ganzi, na matokeo yake si ya kifasihi. Mtu anayejua kwamba nusukaputi hutangulizwa na kufunga atafunga tangu jioni. Naye akiwa mgonjwa wa kisukari aliyechoma dawa yake asubuhi bila kula, sukari yake yaweza kushuka akiwa kitini. Kwa hiyo tumeandika waziwazi: "Kula kama kawaida kabla ya kuja, na tumia dawa zako za kila siku, isipokuwa daktari amekwambia vingine."

Kadhalika mgonjwa aambiwe amweleze daktari kama ana mimba, kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo hasa vali bandia, mzio wa dawa yoyote au wa mpira, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hizo za mwisho asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Neno "mzio" bado halijaenea kila mahali. Tumeliandika, tukafuatisha: "yaani dawa inayokutoa vipele, kukuvimbisha au kukubana kifua".

Juu ya tiba yenyewe sitakawia. Daktari hupiga picha ya eksirei ili aone mizizi, hutia ganzi, kisha hulizungushia jino kitambaa chembamba cha mpira, ambacho kilianza kutumiwa na Sanford Barnum huko New York mwaka 1864, ili mate yasiingie na vifaa visimezwe. Hutoboa taji, hutoa kiini, na kuupanua mfereji kwa tupa nyembamba kama sindano. Tupa ni neno la fundi seremala na mhunzi, nalo ndilo hasa. Sikubaliani na waliotaka "kikwaruzio". Mfereji huoshwa kwa dawa ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha hujazwa gutapecha. Kitu hiki ni utomvu wa mti wa nchi za Malaya, ndugu wa mpira. Ndicho kilichokuwa kikifunika nyaya za simu za chini ya bahari katika karne ya 19, pamoja na ule uliofika Unguja mwaka 1879. Mgonjwa hahitaji kujua hayo ya nyaya, lakini mtafsiri atakayekutana na neno hilo katika kitabu cha historia na tena katika kitabu cha meno asidhani ni vitu viwili.

Baada ya tiba ndipo penye kisa kilichonifanya niandike makala haya. Mama yangu mdogo alitibiwa gego la chini katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Siku ya kwanza kiini kilitolewa, dawa ikawekwa ndani, na juu yake likazibwa kwa muda, atakapofika mara ya pili mifereji ijazwe. Karatasi aliyopewa ilisema: "Umewekewa kizibo cha muda. Tafadhali fika kukamilisha." Maumivu yalikuwa yamekwisha, nauli ilikuwa ghali, na kizibo kilikuwapo. Mwezi wa saba, akitafuna mahindi ya kuchoma, kizibo kikatoka na ukuta wa jino ukapasuka hadi chini ya ufizi. Likang'olewa. Nilipomwuliza kwa nini hakurudi, alinijibu: "Mwanangu, waliniandikia cha muda, na muda wenyewe hawakuutaja."

Nilitafuta jibu, sikulipata, kwani alikuwa amesoma Kiswahili barabara. "Muda" peke yake hauna urefu. Tunasema "kazi ya muda" tukikusudia fupi, lakini pia "amekaa kwa muda" tukikusudia si kidogo. Katika kikao chetu yalitajwa "kizibo cha kungojea" na "kizibo shikizi", kwa mfano wa shule shikizi. Mwenzetu mmoja ambaye mumewe ni mshonaji alileta "kizibo cha bandi", akieleza kwamba kila aliyepata kushonewa nguo anajua kwamba uzi wa bandi si wa kutokea nao barabarani. Tulicheka, lakini niliona ndilo lililosema kweli kuliko yote. Mwishowe "kizibo shikizi" limependekezwa kwa matumizi rasmi, na karatasi ya mgonjwa imeandikwa hivi: "Kizibo hiki si cha kudumu. Kitaanza kuvuja baada ya wiki chache hata kama jino haliumi. Rudi tarehe ....." Pale penye nukta muuguzi aandike tarehe kwa mkono. Hakuna istilahi inayoweza kuchukua nafasi ya tarehe.

Neno jingine la baada ya tiba ni "kuua". Waganga na wagonjwa husema "jino limeuawa" au "mshipa umeuawa". Mshipa wenyewe ni neno lenye ukoo mkubwa mno: ni wa damu, ni wa fahamu, na kwa watu wengi ni ule ugonjwa wa wanaume ambao hautajwi mbele ya wakwe. Ndiyo maana tumechagua "neva". Ama "kuua", lina madhara mawili yanayopingana. Mgonjwa wa kwanza hudhani jino lililouawa haliwezi kuuma kabisa; likimtonesha siku mbili tatu anapotafuna, huona ametapeliwa, akaenda kuling'oa kwingine. Kumbe nyama inayolishika jino katika taya ingali hai, nayo imeudhiwa na ugonjwa na tiba; kuuma kidogo kwa siku chache ni kawaida, na dawa ya maumivu aliyoelekezwa yatosha. Mgonjwa wa pili hudhani jino lililokufa haliwezi kuoza, akaacha kulipiga mswaki. Huyu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu jino lake sasa litaoza bila kumwambia. Na wapo wa tatu, wanaosema kwamba kukaa na jino lililokufa ni kukaa na mzoga mdomoni, wa kuleta saratani na maradhi ya viungo. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1910 daktari William Hunter wa London alihutubia huko Montreal akiyalaumu meno yaliyotengenezwa kwa maradhi ya mwili mzima, na kwa miaka mingi baadaye watu wengi waling'olewa meno ambayo yangeweza kuokolewa. Uchunguzi uliofuata haukuiunga mkono nadharia hiyo. Tumeacha "kuua" na "kufa" kabisa katika karatasi. Tunasema "jino lililotolewa kiini".

"Taji" nalo linahitaji tahadhari, kwa kuwa ni sehemu ya jino la asili na pia ni kifuniko kinachotengenezwa ili kulifunika gego lililotibiwa lisipasuke. Kwa maana ya pili wagonjwa husema "kofia", na nimeiacha.

Kuhusu dawa za kumeza, watafsiri wajihadhari na saa. "Kila baada ya saa 8" ni maneno sahihi, lakini saa 8 kwetu ni pia wakati wa mchana, na yuko atakayemeza kidonge kimoja kila siku ifikapo saa 8. Andikeni "asubuhi, mchana na usiku", au "zikipita saa 8 tangu kidonge cha kwanza". Vilevile "usile mpaka ganzi iishe" liongezewe sababu: mtu mwenye ganzi hujing'ata mdomo na shavu bila kujua, na watoto zaidi. Ganzi ya taya la chini yaweza kukaa saa tatu au zaidi.

Rasimu ya kwanza ilimalizika kwa maneno "Ukiona tatizo lolote wasiliana nasi saa za kazi". Tumeyafuta. Mahali pake pameandikwa: "Uvimbe ukiongezeka, au ukipata homa, fika kliniki siku hiyohiyo. Ukishindwa kufungua kinywa, kumeza au kuvuta pumzi, usingoje kliniki ifunguliwe. Nenda hospitali usiku huohuo." Mganga aliyeileta rasimu aliuliza kama hayo hayatawatisha wagonjwa. Nilimjibu kwamba yamewekwa mwisho wa ukurasa, kwa herufi nzito, kwa kusudi hilo.